Ramani ya memori haipo au inadanganya: kutatua matatizo ya MEM_TOPOLOGY kwenye perf.data

Ripoti ya `perf c2c` (amri ya perf, zana ya Linux ya kupima utendaji, inayoonyesha mistari ya kache inayogombaniwa na CPU) imefunguka vizuri, mistari inaonekana, lakini safu ya Node, inayotaja nodi ya NUMA (sehemu ya memori na kwa kawaida CPU zilizo karibu nayo), haieleweki. Pengine iko tupu, pengine inataja nodi ambayo programu yako haikuwahi kuigusa. Watu wengi hapo hukimbilia kulaumu prosesa, au huanza kuhamisha michakato kati ya nodi kwa amri ya `numactl` kwa kubahatisha. Mimi huanza kwenye kichwa cha perf.data, faili ambamo perf huweka inachorekodi, kwa sababu jibu la safu ile haliwezi kuwa sahihi kuliko ramani ya memori iliyoandikwa humo, na ramani hiyo huharibika kwa sababu chache zinazojulikana.

Perf huandika sampuli (matukio yaliyonaswa wakati programu inaendeshwa) na pia maelezo ya mashine iliyorekodiwa: jina lake, kerneli, aina ya prosesa, ukubwa wa RAM. Tangu Linux 4.17 ya mwaka 2018, mojawapo ya maelezo hayo ni MEM_TOPOLOGY, yaani orodha ya bloku za memori halisi na nodi inayomiliki kila bloku. Inatokana na saraka mbili za sysfs (mafaili ya `/sys` ambamo kerneli huonyesha hali ya mashine): ukubwa wa bloku unasomwa kwenye `/sys/devices/system/memory/block_size_bytes`, na umiliki unasomwa kwenye majina ya aina ya `/sys/devices/system/node/node0/memory32`. Basi. Hakuna kipimo kinachofanyika wala hesabu ya siri. Kama sysfs haikusema, perf haijui.

Kwanza jua ramani nzima inavyoonekana

Toa amri hii:

```
perf report --header-only -I -i perf.data
```

Kwenye mashine ya nodi mbili utapata kitu kama hiki:

```
# memory nodes (nr 2, block size 0x8000000):
#    0 [16G]: 0-15,32-143
#    1 [16G]: 144-271
```

Isome polepole. Ukubwa wa bloku, 0x8000000, ni baiti 134,217,728, yaani MB 128. Nodi 0 ina bloku 0 hadi 15 (ni 16) na 32 hadi 143 (ni 112), jumla 128. Zidisha kwa MB 128 upate GB 16. Pengo la bloku 16 hadi 31 si kosa. Ni anwani za kuanzia GB 2 hadi GB 4, eneo ambalo kwenye mashine za x86 huachiwa vifaa vya PCI na wenzake, na RAM iliyopaswa kukaa hapo husogezwa juu ya GB 4. Nimeshaona pengo hilo likiripotiwa kama RAM mbovu. Si RAM mbovu.

Sasa chukua anwani halisi moja kutoka kwenye sampuli, tuseme 0x4a3c51040. Igawanye kwa 0x8000000 na utupe baki: unapata 148. Bloku 148 iko kati ya 144 na 271, kwa hiyo ni ya nodi 1. Hivyo ndivyo perf inavyofanya, na wewe unaweza kuifanya kwa mkono kila unapotilia shaka ripoti. Anwani mbili tatu zinatosha kujua kama tatizo liko kwenye ramani au kwenye anwani zenyewe.

Dalili: unaona tu kwamba maelezo yapo, lakini hayaonyeshwi

Kichwa kinaandika `MEM_TOPOLOGY info available, use -I to display`. Umesahau `-I`. Songa mbele.

Dalili: MEM_TOPOLOGY imo kwenye mstari wa "missing features"

Mstari huo hutokea mwishoni mwa kichwa na kuorodhesha kila kisichoandikwa. Usitishwe na urefu wake. Mengi humo hayakuhusu. Ukiona MEM_TOPOLOGY ndani yake huku mengine kama HOSTNAME na CPUDESC yakiwa yameandikwa vizuri, tafuta chanzo kwa mpangilio huu.

Toleo la perf. Angalia `perf --version` kwenye mashine iliyorekodi, maana ile unayosomea ripoti haihusiki hapa. Perf ya kabla ya 4.17 haijui kabisa kuandika ramani hii. Habari njema ni kwamba perf na kerneli si lazima vilingane matoleo: unaweza kujenga perf mpya na kuiendesha juu ya kerneli ya zamani, maana saraka za sysfs inazozihitaji zilikuwepo miaka mingi kabla.

Sysfs yenyewe. Toa hizi mbili:

```
cat /sys/devices/system/memory/block_size_bytes
ls /sys/devices/system/node/node0 | grep '^memory[0-9]'
```

Kama ya kwanza inasema faili halipo, kerneli ilijengwa bila CONFIG_MEMORY_HOTPLUG. Jina hilo linapotosha kidogo, kwa sababu mtu hufikiri linahusu tu mashine zinazochomekwa RAM zikiwa zinafanya kazi, kumbe bila hilo bloku za memori hazionekani kabisa kwenye sysfs. Kama saraka ya `node` haipo, kerneli haina CONFIG_NUMA. Thibitisha kwa `grep` kwenye `/boot/config-$(uname -r)`, au `zgrep` kwenye `/proc/config.gz` kama ipo. Kerneli za usambazaji mkubwa huwa na vyote viwili. Tatizo hili hukutwa zaidi kwenye kerneli zilizopunguzwa kwa ajili ya vifaa vidogo au mashine pepe nyepesi. Dawa ni kujenga kerneli upya. Lakini kama mashine ina nodi moja tu, jiulize unaihitaji ramani kwa kazi gani: kila anwani ni ya nodi hiyo hiyo.

Kontena. Sysfs ikiwa imefichwa au haijaunganishwa ndani ya kontena, perf iliyo ndani haitaona kitu hata kama mashine mama ina kila kitu. Rekodi ukiwa nje ya kontena ikiwezekana. Ni rahisi kuliko kubishana na mipangilio ya usalama.

Dalili: si ramani tu, karibu kichwa chote kimepotea

Ukifungua faili unapewa onyo kwamba ukubwa wa data kwenye perf.data ni 0 na unaulizwa kama `perf record` ilimalizika ipasavyo. Jibu ni hapana, haikumalizika. Katika hali ya kawaida, perf huandika sampuli kwanza, kisha ikisimamishwa hurudi kuandika maelezo ya mashine nyuma ya data na kukamilisha kichwa. Ukiiua kwa `kill -9` hatua hiyo ya mwisho haifanyiki. Hali huwa hiyo hiyo ikiuliwa na kerneli kwa uhaba wa memori, au diski ikijaa.

Mara nyingi hakuna mtu aliyeandika `kill -9` kwa mkono. Ni hati ya kuendesha majaribio iliyochoka kusubiri, au msimamizi wa huduma aliyetoa muda mfupi wa kufunga. Simamisha perf kwa `kill -INT` na uipe muda wa kumaliza. Kwenye mashine yenye sampuli nyingi hatua ya mwisho huchukua muda, hasa inapokusanya vitambulisho vya mafaili ya programu.

Sampuli zilizookoka huenda zikasomeka, lakini ramani haipo na perf haitaibuni. Kama mashine bado iko hewani na haijabadilishwa RAM, ichukue kwa mkono:

```
cat /sys/devices/system/memory/block_size_bytes > ramani.txt
ls -d /sys/devices/system/node/node*/memory[0-9]* >> ramani.txt
```

Halafu fanya hesabu ya mgawanyo niliyoonyesha juu. Si kazi ya kupendeza, ila kwa mistari michache ya kache inayokusumbua inatosha. Mimi hupendelea kuweka amri hizo mbili kwenye hati yoyote ya kurekodi tangu mwanzo, hata kama perf itafanya yake.

Dalili: ramani ipo, lakini Node haina jibu

Ramani inatafsiri anwani halisi, zile za RAM yenyewe. Kama sampuli zina anwani pepe peke yake (zile inazoziona programu), hakuna cha kutafsiri. Angalia:

```
perf evlist -v -i perf.data
```

Kwenye `sample_type` tafuta PHYS_ADDR. Ikikosekana, ulirekodi bila kuomba anwani halisi. `perf c2c record` ya matoleo yenye ramani huiomba yenyewe, lakini `perf mem record` na `perf record` zinataka uongeze `--phys-data`.

Ukiiongeza ukakataliwa, ni suala la ruhusa. Kerneli haimpi kila mtu anwani halisi, na ina sababu: kuzijua humrahisishia mshambuliaji kazi. Thamani ya `/proc/sys/kernel/perf_event_paranoid` ikizidi 1, mtumiaji wa kawaida hapewi. Endesha kama root, au kwenye kerneli kuanzia 5.8 mpe mhusika uwezo wa CAP_PERFMON. Kushusha paranoid kwa mashine nzima inayotumiwa na watu wengi ni uvivu, na nisingekushauri.

Kuna hali inayokera zaidi: PHYS_ADDR imo, ruhusa ipo, lakini baadhi ya sampuli zina anwani 0. Hilo ni la kawaida. Kerneli hutafuta anwani halisi ikiwa katikati ya kukatizwa, mahali isipoweza kusubiri. Ukurasa usipopatikana papo hapo, huandika 0 na kuendelea. Anwani za kerneli zilizotoka kwenye vmalloc (eneo la anwani pepe za kerneli) nazo hupewa 0. Usizihesabu kama nodi 0! Namba ni ile ile, maana ni tofauti kabisa, na mtu anayechambua sampuli kwa hati yake mwenyewe hunaswa hapo kirahisi: anagawanya 0 kwa ukubwa wa bloku, anapata bloku 0, anahitimisha kwamba nodi 0 imeelemewa. Ondoa sampuli zenye 0 kabla ya hesabu yoyote.

Dalili: "WARNING: failed to find node"

Sasa anwani ipo na ramani ipo, ila anwani haiangukii kwenye bloku yoyote. Swali la kuuliza ni ramani iliandikwa lini. Faili la kawaida huandikiwa ramani mwishoni mwa kurekodi. Ukirekodi kwa bomba, yaani `perf record -o -`, ramani hutumwa mwanzoni kama tukio la kwenye mkondo. Kwa hiyo RAM iliyoongezwa katikati ya kurekodi haitaonekana kwenye ramani ya bomba, na RAM iliyoondolewa katikati haitaonekana kwenye ramani ya faili, ingawa sampuli zake zimo.

Kwenye mashine halisi hili ni nadra. Kwenye mashine pepe ambazo mwenyeji wake huzipanua na kuzipunguza RAM kadiri ya mzigo, si nadra hata kidogo. Zuia mabadiliko hayo wakati wa kipimo. Kama huwezi, chukua `ramani.txt` mwanzoni na mwishoni, kisha ulinganishe kwa `diff`.

Uwezekano mwingine ni kwamba anwani hiyo si ya RAM ya kawaida: inaweza kuwa memori ya kifaa iliyounganishwa moja kwa moja na mchakato, au memori ya kudumu ambayo haijaingizwa kwenye mfumo kama RAM. Hiyo haimo kwenye bloku za nodi, na onyo la perf ni la kweli.

Dalili: ramani ni safi kabisa, ila si ya mashine hii

Hili ndilo linalopoteza muda mwingi kuliko yote, kwa sababu hakuna onyo. Kila kitu kimejazwa, hesabu zinakubali, na majibu ni uongo.

Mwenye hatia wa kawaida ni `perf inject`. Amri hiyo husoma perf.data, huongeza au hubadilisha matukio, kisha huandika faili jipya. Kwa miaka mingi, ilipoandika faili jipya ilijaza maelezo ya mashine upya kutoka kwenye mashine inayoendesha inject. Umerekodi kwenye seva ya nodi nne, ukanakili faili kwenye kompyuta yako ya mezani, ukafanya inject hapo: faili linalotoka lina sampuli za seva na ramani ya kompyuta ya mezani. Kompyuta ya mezani kwa kawaida ina nodi moja, hivyo anwani nyingi zitasemwa ni za nodi 0, na zile za juu zitakosa nodi. Ukiwa huna habari utaamini kwamba programu yako imelundika kila kitu kwenye nodi ya kwanza, na utaanza kuirekebisha. Marekebisho ya mwaka 2022 yaliifanya inject ihifadhi maelezo ya asili yanayoelezea mashine, MEM_TOPOLOGY ikiwemo. Perf za kabla ya hapo bado ziko kwenye mashine nyingi.

Kugundua ni rahisi ukikumbuka kuangalia. Kwenye kichwa kile kile linganisha mistari ya `hostname`, `cpudesc` na `total memory` na mashine uliyorekodi. Jina likiwa la kompyuta yako wakati ulirekodi kwenye seva, usiendelee kusoma. Kama faili la asili bado unalo, fanya inject upya kwenye seva yenyewe au kwa perf mpya. Kama ulilifuta, huna ramani tena, una sampuli tu. Ndiyo maana faili la asili halifutwi mpaka kazi iishe.

Kusoma ripoti kwenye mashine nyingine, kwa upande mwingine, hakuna shida: `perf c2c report` hutumia ramani iliyo ndani ya faili, haitazami sysfs ya mashine inayosomea.

Dalili: ukubwa haulingani na RAM niliyonunua

Mashine ya GB 8 inaandikwa `[7G]`. Perf hukata desimali bila kukadiria kwenda juu. Bloku 62 za MB 128 ni MB 7,936, na hizo zinaandikwa 7G. Mstari wa `total memory` nao utatoa namba nyingine, kwa sababu unatoka kwenye MemTotal, ambayo haihesabu sehemu iliyotengwa na kerneli tangu kuwaka. Namba hizi hazikusudiwi kulingana.

Kosa la kweli ni kusoma vibaya ukubwa wa bloku. Faili la `block_size_bytes` huandika namba ya heksadesimali bila `0x` mbele, hivyo `8000000` huonekana kama baiti milioni nane. Pia hesabu sifuri: 0x8000000 ni MB 128, 0x80000000 ni GB 2. Mashine za x86 zenye RAM nyingi hutumia bloku kubwa, hadi GB 2, na kerneli za zamani za arm64 zilitumia GB 1. Hati iliyoandikwa kwa kudhani MB 128 kila mahali itatoa majibu ya ajabu kwenye seva kubwa. Soma ukubwa kwenye faili kila mara.

Bloku kubwa huleta utata mwingine. Mpaka wa nodi mbili ukiangukia katikati ya bloku moja, sysfs huionyesha bloku hiyo chini ya nodi zote mbili. Ukiona namba moja imerudiwa kwenye nodi mbili za ramani, anwani za bloku hiyo hazina jibu la uhakika, na ni afadhali kuziweka kando.

Dalili: mstari mmoja wa kache una nodi zaidi ya moja

Safu ya Node inaandika, tuseme, 0-1 kwa anwani moja. Mara nyingi ni kweli tupu: ukurasa ulihamishwa na kerneli wakati unarekodi, au michakato miwili ina anwani pepe inayofanana lakini kurasa tofauti. Kwa sababu ya kwanza, zima uhamishaji kwa muda kwa kuandika 0 kwenye `/proc/sys/kernel/numa_balancing`, rekodi tena, urudishe thamani ya awali. Kwa ya pili, rekodi mchakato mmoja mmoja.

Dalili: "Failed setup nodes"

Hapa MEM_TOPOLOGY husingiziwa. Kinachokosekana ni NUMA_TOPOLOGY, maelezo mengine yanayosema CPU zipi ni za nodi ipi. Ndiyo mistari ya `node0 cpu list` kwenye kichwa. `perf c2c report` inahitaji vyote viwili: kimoja kujua nani aliomba data, kingine kujua data ilikaa wapi. Kumbuka pia kwamba nodi inaweza kuwa na memori bila CPU hata moja, kama zilivyo nodi za memori ya CXL, hivyo orodha mbili zisizolingana idadi si lazima ziwe na hitilafu.

Ukiwa ndani ya mashine pepe

Ramani na anwani "halisi" zote ni za mgeni, yaani mashine pepe yenyewe. Mwenyeji anaweza kuwa ameweka nodi zote mbili za mgeni juu ya nodi moja ya kweli. Hakuna chochote ndani ya perf.data kitakachokufunulia hilo. Muulize anayesimamia mwenyeji.

Kuthibitisha bila perf

Wakati mwingine umepewa faili na huna perf karibu, au huiamini uliyonayo. Faili la kawaida huanza na herufi PERFILE2, na biti za maelezo yaliyomo huanza baiti ya 72. MEM_TOPOLOGY ni biti ya 22, kwa hiyo kwenye mashine za little-endian (zinazoweka baiti ndogo kwanza) iko kwenye baiti ya tatu ya hapo:

```
xxd -g 1 -s 72 -l 3 perf.data
```

Ukipata `fc 7f 71`, angalia ile 71: tarakimu yake ya kwanza ikiwa 4 hadi 7, au c hadi f, ramani imeandikwa. Ingekuwa 31, haimo. Faili lililotoka kwenye bomba lina kichwa kifupi cha baiti 16 tu, kwa hiyo njia hii haifanyi kazi huko.